Salamu Zimalizike Chini

Jumatatu, 4 Juni 1973. Kasulu.

Leo nimezaliwa upya. Barua imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usafirishaji, nami nimeisoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti kubwa kwa faida ya wasiojua kusoma. Njia ya Kasulu hadi Kibondo haina tena mwenyewe! Kampuni iliyokuwa na basi moja na ratiba moja imeondoa basi lake. Kuanzia kesho kila mwenye gari zima ruksa kupakia abiria, aondoke saa aipendayo, atoze nauli aipendayo. Majaribio siku kumi na mbili. Jumamosi ya tarehe 16 Ndugu Felician, ofisa wa usafirishaji, atahesabu abiria wa kila gari. Mwenye abiria wengi ndiye atakayepewa leseni ya kudumu.

Nani anaijua njia hii kuliko mimi? Miaka tisa nimekata tiketi ndani ya basi la kampuni ile, mpaka waliponiachisha kazi kwa wivu. Wao walisema ni kwa sababu ya kuku niliyemkatia tiketi ya mtu mzima. Wivu mtupu.

Gari ninalo. Lori la marehemu baba mdogo, Bedford, limekaa nyuma ya nyumba tangu mwaka 1969. Lina mabenchi, lina turubai, na lina jina nililoliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: RISASI. Dereva ninaye. Ndihokubwayo, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka jana na familia yake. Hasemi sana, lakini injini zinamsikiliza. Kilichopungua ni matairi mawili ya nyuma.

Matairi hapa Kasulu yako kwa mtu mmoja tu, Gharibu, mtu wa Tanga, mwenye duka la vipuri. Siku hizi matairi ni adimu, hayauzi kwa fedha, anabadilishana kwa kitu. Nikatazama nyumbani kwangu kuna kitu gani. Kuna cherehani ya mke wangu, Winifrida.

Nimeichukua alipokwenda kuchota maji. Tumeandikiana na Gharibu: nikipata leseni, namrudishia matairi mapya, cherehani inarudi nyumbani. Nisipopata, cherehani ni yake. Hilo la "nisipopata" ameliongeza yeye. Mimi niliona ni kupoteza wino. Winifrida nimemwambia cherehani imekwenda kutiwa mafuta kwa fundi mmoja huko Kabanga. Ana sare thelathini za kwaya ya huko huko Kabanga za kushona kabla ya sikukuu ya Petro na Paulo, kwa hiyo ana wasiwasi. Ni mtu wa wasiwasi.

Jioni nimepita nyuma ya duka la Gharibu, nikamkuta anaosha basi. Basi! La zamani, rangi ya maziwa, vioo vyote vipo. Nikamuuliza la nini. Akanijibu, kwa upole wao ule wa pwani, kwamba naye ameisikia barua, na ananishukuru sana kwa kuisoma kwa sauti.

Jumanne, 5 Juni.

Safari ya kwanza. Nilitangaza saa kumi na mbili asubuhi, saa ya kampuni, watu wameizoea. Nimefika stendi dakika tano kabla. Stendi nyeupe! Gharibu aliondoka saa kumi na moja na nusu na kila mwenye miguu. Mimi nimepata abiria watatu na mbuzi. Mbuzi amekula pembe ya turubai.

Si neno. Amenishinda kwa nusu saa tu.

Jumatano, 6 Juni.

Nimeondoka saa kumi na moja. Gharibu ameondoka saa kumi.

Alhamisi, 7 Juni. Kibondo.

Nimewaza jambo ambalo mtu wa Tanga hawezi kuliwaza. Yeye anasogea saa moja moja kama mtu anayeogopa maji. Mimi nimeruka. Gari la Ijumaa asubuhi limeondoka leo Alhamisi, saa tisa alasiri.

Ndihokubwayo aliuliza kama watu wa Ijumaa wanayo habari. Nikamweleza kwamba katika njia huru abiria ndiye anayemfuata dereva, si dereva kumfuata abiria. Akawasha gari. Tumefika Kibondo na watu saba, wote wa Alhamisi waliokuwa wamechelewa. Abiria wa Ijumaa hata mmoja hakutokea. Watajizoesha.

Ijumaa, 8 Juni. Kasulu.

Tumerudi alasiri, tukakuta balaa. Kumbe jana Gharibu aliponiona naondoka aliondoka papo hapo, nyuma yangu, asije akaachwa. Kwa hiyo leo asubuhi Kasulu nzima haikuwa na gari hata moja la Kibondo. Watu zaidi ya ishirini wamekaa stendi na mizigo yao tangu alfajiri mpaka jua limewachoma. Akina mama wenye watoto wachanga. Wauza asali. Na mtu mmoja mwenye mkoba mweusi, amekalia jiwe, anaandika kitu. Ndugu Felician.

Ametuita ofisini sote wawili. Amesema amefanya kazi mikoa minne, hajapata kuona gari la Ijumaa likiondoka Alhamisi. Ameamuru kwamba hakuna kuondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, siku ile ile iliyotangazwa. Nikamkumbusha kwa heshima zote kwamba barua inasema kila mtu aondoke saa aipendayo. Akasema hata yeye alipenda kuondoka leo.

Jumamosi, 9 Juni.

Sawa. Kama kuondoka ni pamoja, basi mshindi ni anayefika mapema. Leo nimepanda nyuma pamoja na abiria, saa mkononi, kuchunguza muda unapotelea wapi. Gari halina makosa. Breki zake ni dhaifu, jambo linalosaidia. Kinachokula muda ni salamu.

Sisi Waha hatusalimiani kwa neno moja. Mtu akipanda anaanza na mkubwa kuliko wote, anainama, anapiga makofi taratibu, "mwakeye", anauliza alivyoamka. Kisha watoto. Kisha wazee waliobaki nyumbani, ng'ombe, mbuzi, maharage shambani, paa lililokuwa linavuja. Kila kimoja kinaulizwa na kila kimoja kinajibiwa, tena kwa ukweli, maana anayedanganya katika salamu anajitafutia mkosi. Akimaliza, anahamia kwa wa pili. Na dereva yeyote aliyelelewa haondoi gari mtu akiwa bado ameinama. Pale Makere alipanda mama mmoja akakuta watu kumi na wanane. Dakika hamsini! Nimezihesabu kwa saa yangu mwenyewe.

Jioni nimechukua rangi iliyobaki, nikaandika kwenye ubao wa nyuma, juu ya ngazi, kwa herufi kubwa: SALAMU ZIMALIZIKE CHINI. Ndihokubwayo ameisoma, akanitazama, akasema kwao hata jela hawaandiki hivyo. Ni dereva mzuri, ila hajui biashara.

Jumapili, 10 Juni. Pentekoste.

Wazo limenijia katikati ya misa. Kama salamu ndizo zinazochelewesha gari, basi zihamie kwa Gharibu!

Makere anakaa Bibi Immakulata, dada yake bibi wa Winifrida. Macho yake hayaoni vizuri, miaka yake haijulikani, na amezalisha nusu ya tarafa kwa mikono yake. Hakuna mtu kati ya Kasulu na Kibondo awezaye kumpita bila kuinama. Baada ya misa nimekwenda na Risasi mpaka kwake, nikamwambia Gharibu anaomba sana awe mgeni wake kila siku, kiti cha mbele, Makere mpaka Kibondo na kurudi, bure. Amefurahi mpaka ameniombea baraka. Halafu nikamwendea Gharibu, nikamwambia namletea bibi yetu kama zawadi ya ushindani mwema. Amenishukuru. Maskini wa Mungu, hajui amepokea nini.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Winifrida ametoka Kabanga. Fundi wa Kabanga hajaiona cherehani yoyote. Nikamweleza kwamba imepelekwa Buhigwe, kwa fundi mkubwa zaidi. Akanyamaza. Winifrida akinyamaza ni dalili nzuri, maana yake ameelewa.

Jumatatu, 11 Juni.

Ushindi! Abiria ishirini na wawili, salamu zote chini, Kibondo saa tano kamili. Tulipopita Makere, Bibi Immakulata alikuwa anapandishwa kwenye basi la Gharibu na mstari wa watu wanaotaka kumsalimu ulifika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Gharibu ameingia Kibondo saa nane mchana. Nimempungia mkono.

Nimeanza kufikiri nivae viatu gani siku ya kukabidhiwa leseni.

Jumanne, 12 Juni.

Abiria tisa. Huenda ni vumbi.

Jumatano, 13 Juni.

Abiria wawili. Mmoja ni mwalimu mgeni kutoka Songea. Wa pili alikuwa amelewa, alidhani tunakwenda Kigoma.

Leo Ndihokubwayo amesema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu nimfahamu. Amesema watu wanalalamika kwamba katika Risasi mtu anapakiwa kama gunia la mahindi, anashushwa Kibondo hajui nani amezaa wala nani amekufa. Katika basi la Gharibu mtu anashuka na habari za wilaya nzima. Jumatatu ilikubaliwa posa. Jana imekwisha kesi ya mbuzi iliyowashinda wazee miaka minne. Wako watu wasio na safari yoyote, wanatoka mashambani wanapanda ili wamsalimu Bibi, wanalipa kwenda na kurudi. Na Gharibu mwenyewe amejifunza. Anainama, anapiga makofi, anauliza hata maharage. Makofi yake hayajakaa sawa, lakini watu wanampenda kwa hayo hayo.

Nimemuuliza Ndihokubwayo kwa nini hakuniambia mapema. Akajibu kwamba ubao unasema maneno yamalizike chini, na yeye kazi yake iko juu, kwenye usukani.

Alhamisi, 14 Juni.

Nimekwenda Makere kumvuta Bibi upande wangu. Niliinama barabarani mbele ya watu, nikapiga makofi, "mwakeye, Bibi." Hakunijibu. Nikarudia. Hakunijibu. Watu wote wameona.

Nimeumia, nasema kweli. Sijawahi kunyimwa salamu tangu nizaliwe, hata na watu nilio na kesi nao. Baadaye Bibi alisema, si kwangu, alisema kwa watu waliokuwapo, kwamba yeye hajui kusoma lakini amesomewa. Kwamba mimi Leonidasi alinipokea kwa mikono hii, na alinisalimu kabla sijafumbua macho, wala hakuniambia nimalizie salamu tumboni.

Nimejaribu kufuta maandishi yale. Rangi ni nzuri mno, haitoki. Nimeyapaka matope. Tulipofika Kibondo matope yalikuwa yamekauka na kudondoka, isipokuwa kwenye neno SALAMU. Ubao ukabaki unasema ZIMALIZIKE CHINI. Watu wa Kibondo wakauliza ni breki ndizo zinazosemwa?

Ijumaa, 15 Juni.

Siku mbaya. Naiandika ilivyokuwa.

Asubuhi stendi, Winifrida alifika na kitenge chake kipya. Hakupanda Risasi. Alisema anakwenda Makere kumwona Bibi, akaenda moja kwa moja kwenye basi la Gharibu. Gharibu alikuwa mlangoni. Winifrida akamsalimu kama inavyotakiwa, akauliza mke wake, watoto wake, duka lake. Na Gharibu, mwanafunzi mwema kupita kiasi, aliinama, akapiga makofi yake yaliyopinda, akajibu kitu kimoja kimoja kwa ukweli. Mke hajambo. Watoto hawajambo. Paka amezaa. Duka halijambo. Na cherehani yako nayo, mama, haijambo kabisa, iko chumbani kwangu, nimeifunika shuka isipate vumbi.

Basi lote likatoa vichwa madirishani.

Winifrida hakuikata salamu. Haikatwi. Aliendelea mpaka mwisho, akauliza na paka wamezaliwa wangapi. Halafu akapanda, akakaa dirishani, akanitazama. Macho yake yalikuwa na machozi na mimi sikuwa na pa kuyaweka ya kwangu. Nikakumbuka kwamba kuna nati chini ya lori inayohitaji kukazwa. Nimeikaza mpaka basi lilipoondoka.

Cherehani ile aliinunua kabla sijamwoa. Alilima kahawa ya watu misimu mitatu. Lakini leseni bado haijatolewa, na siku moja ni siku.

Jumamosi, 16 Juni.

Hesabu. Ndugu Felician alisimama stendi na karatasi yake. Basi la Gharibu: watu hamsini na wanane, wengine wamesimama, wengine wametoa vichwa nje wanasalimiana na walio chini. Bibi Immakulata kiti cha mbele, alikuwa amelala Kasulu kwa Winifrida, mimi nikiwa nimelala ndani ya Risasi kwa hiari yangu.

Risasi: mbuzi mmoja. Yule yule wa siku ya kwanza. Mwenyewe amepanda kwa Gharibu, akaona ni vizuri mbuzi apate nafasi.

Nilimuuliza Ndugu Felician kama mbuzi anahesabiwa. Akasema habari zangu na kuku ameshazisikia.

Leseni amepewa Gharibu. Kwa maandishi yetu, na cherehani ikawa yake. Nilikaa kwenye ngazi ya Risasi, chini ya yale maandishi, nikamwona Winifrida anamshika Bibi mkono wanaingia dukani kwa Gharibu. Walikaa humo saa nzima na nusu. Safari ya Kibondo ilisimama ikiwasubiri, na hakuna abiria aliyenung'unika. Walipotoka, Winifrida alikuwa na cherehani kichwani.

Wamekubaliana hivi: atamshonea Gharibu vitambaa vya viti vyote vya basi, na cherehani ni yake kama zamani. Sare za kwaya zitafikishwa Kabanga bure. Matairi mawili, kwa heshima ya Bibi, mimi nibaki nayo.

Nibaki nayo! Nimeyafikiri haya mchana kutwa. Cherehani imerudi, na matairi ni yangu. Mwanzoni nilikuwa na kimoja, sasa ninavyo vyote viwili. Watu wanasema nimeshindwa. Hawajui kutazama.

Jumapili, 17 Juni.

Winifrida hakugomba. Kabla ya kunipakulia alinikalisha mbele ya cherehani, akanitaka niisalimu. Nilidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Nimeisalimu. Nimeiuliza ilivyoamka, ilivyolala kule Kabanga, safari ya Buhigwe ilikuwaje, na yule fundi mkubwa hajambo? Winifrida ndiye aliyekuwa anajibu kwa niaba yake, kitu kimoja kimoja, kwa ukweli. Ugali ulikuwa umepoa tulipomaliza.

Ndihokubwayo amekuja kuaga. Gharibu amemwajiri. Alinisalimu kwa urefu wote, juu na chini, hata injini ya Risasi akaiuliza hali. Nimemtakia heri, na nilimaanisha.

Habari za stendi: Gharibu amebandika tangazo. Kuanzia kesho basi lake linaondoka saa tatu, au pale litakapokuwa tayari, na nauli imepanda. Sasa yuko peke yake njiani, nani atamwuliza? Watu wananung'unika kama walivyoinung'unikia kampuni. Nilisema tangu mwanzo kwamba njia huru ni jambo jema sana, ila imwangukie mtu mwenye akili. Wamekosea mtu tu.

Nikiwa natafuna ule ugali baridi nimepata wazo. Njia ya Buhigwe haina gari hata moja! Na watu wa kule ni watu wenye haraka, lazima wawe hivyo, kwa sababu siku zote wanatembea kwa miguu. Ubao wangu tayari umeandikwa. Risasi inahitaji tairi moja tu la akiba.

Winifrida ameifunga cherehani kwenye nguzo ya kitanda kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo anao yeye shingoni. Leo alipokwenda kuchota maji nimelikagua kufuli lenyewe. Ni la shaba, zito, jipya, halina hata alama ya kutu. Kwa kufuli kama lile, Gharibu hawezi kuninyima tairi.